Nani Hasa Anayelisoma Faili? Hifadhidata na Mfumo Endeshi Ulio Chini Yake

Kati ya makosa yanayowasumbua wasimamizi wa hifadhidata, lipo moja linaloonekana dogo lakini linaweza kula siku nzima ya kazi. Faili lipo. Mwenye nalo amelifungua dakika chache zilizopita, amelipitia, ameona safu zake zote ziko sawa. Anaandika amri ya kuliingiza kwenye jedwali, anabonyeza, na PostgreSQL inamjibu kwamba imeshindwa kulifungua: "Permission denied". Anajaribu tena kwa akaunti yenye madaraka yote ndani ya hifadhidata. Jibu ni lile lile. Hapo wengi huanza kupapasa. Mmoja hulifungulia faili ruhusa zote kwa chmod 777, mwingine huzima SELinux, ulinzi wa ziada wa Linux, mwingine huizima seva nzima na kuiwasha upya. Mara nyingine kazi hukubali bila mtu kujua sababu, na kile kilichoachwa wazi siku hiyo hubaki wazi kwa miaka.

Chanzo cha matatizo haya, karibu kila mara, ni swali moja ambalo halikuulizwa mapema: ni nani hasa anayelisoma faili hilo, na yuko kwenye mashine ipi?

Hifadhidata ina watumiaji wake. Mfumo endeshi nao una watumiaji wake. Daftari hizi mbili hazifahamiani, hata pale jina linapofanana. Mtu aliyeingia PostgreSQL kwa cheo cha juu kabisa hafungui faili yeye mwenyewe. Anayelifungua ni mchakato wa seva, ambao kwenye Linux huendeshwa na mtumiaji aitwaye postgres, au mysql, au oracle, na kwenye Windows huendeshwa na akaunti ya huduma kama NT SERVICE\MSSQLSERVER. Cheo cha ndani huamua kama seva itakubali kujaribu. Kama jaribio litafaulu, hilo ni la mfumo endeshi kuamua, na mfumo endeshi hautambui vyeo vya ndani ya hifadhidata.

Afrika Mashariki inaguswa na jambo hili moja kwa moja. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na wizara za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, huhifadhi data zake katika PostgreSQL. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, hutumia MySQL. Anayeiangalia seva ya mifumo hiyo mara nyingi ni ofisa takwimu au fundi wa kompyuta mwenye majukumu mengine kumi, na kazi ya kuingiza na kutoa mafaili humfikia kila mwisho wa mwezi.

Swali la mashine ndilo linalosahaulika zaidi. COPY ya PostgreSQL ikitajiwa /data/mapato.csv, hulitafuta faili hilo kwenye diski ya seva. Haijui lolote kuhusu kompyuta mpakato ya aliyeandika amri. Mhasibu aliye Mwanza, seva ikiwa Dar es Salaam, anaweza kunakili njia ya faili herufi kwa herufi na bado akaambiwa halipo, kwa sababu kwenye mashine ile kweli halipo. Waundaji wa PostgreSQL wamekutana na malalamiko haya mara nyingi kiasi kwamba ujumbe wa hitilafu siku hizi huja na dokezo: COPY huiagiza seva isome faili, na huenda kinachotakiwa ni \copy ya programu ya psql. Kwa macho, tofauti ni mkwaju mmoja wa kinyume. Kwa kazi, ni vitu viwili. Ukitumia \copy, psql hulisoma faili kwenye mashine yako, kwa ruhusa zako, kisha huipelekea seva data kupitia muunganisho ulio wazi tayari. MySQL nayo hutenganisha njia hizo kwa neno moja: LOAD DATA INFILE husoma upande wa seva, LOAD DATA LOCAL INFILE husoma upande wa mteja.

Kontena zimeongeza utata. PostgreSQL ikiendeshwa ndani ya Docker, "diski ya seva" ni ile inayoonekana ndani ya kontena. Faili lililowekwa kwenye mashine mama halitaonekana mpaka folda yake iunganishwe na kontena. Kwenye huduma za wingu kama RDS ya Amazon mambo ni wazi zaidi, kwa maana kwamba mteja hapewi kabisa nafasi ya kuingia kwenye mashine. Mafaili hupita S3, hifadhi ya mafaili ya Amazon, na PostgreSQL ya huko ina kiendelezi kiitwacho aws_s3 kwa kazi hiyo. Anayehamia wingu akiwa na skripti zilizozoea kuandika kwenye /tmp ya seva itambidi aziandike upya.

Tuseme sasa faili kweli liko kwenye seva, na bado linakataa. Chukua faili /home/mhasibu/takwimu/mapato.csv. Ukitoa ls -l, unaona -rw-r--r--, yaani kila mtu anaruhusiwa kulisoma. Mtu hukodoa macho hapo na kuapa kwamba ruhusa zipo. Zipo kweli, lakini ni za faili tu. Kwenye Linux, kulifikia faili kunahitaji ruhusa ya kupita katika kila folda iliyo njiani, kuanzia mzizi hadi mwisho. Ni kama nyumba ya vyumba vinavyofuatana, ambamo chumba cha ndani kuachwa wazi hakumsaidii aliyezuiwa ukumbini. Amri ya namei -l ikipewa njia nzima huorodhesha kila hatua pamoja na mwenyewe na ruhusa zake. Hapo jibu linajitokeza: /home iko wazi, lakini /home/mhasibu ni drwxr-x---. Mtumiaji postgres si mhasibu wala hamo katika kundi lake, kwa hiyo anaishia hapo. Ubuntu ilianza kufunga folda za nyumbani kwa namna hii tangu toleo la 21.04, ndiyo maana skripti iliyofanya kazi miaka mingi kwenye seva ya zamani inaweza kugoma siku ya kwanza kwenye seva mpya, hali hakuna aliyeigusa.

Kipimo chake ni chepesi, na inafaa kiwe cha kwanza kabla ya kubadilisha chochote: sudo -u postgres cat, ikifuatiwa na njia ya faili. Amri hiyo huvaa sura ya mtumiaji wa seva na kujaribu kusoma. Ikikataa, hifadhidata haina hatia na hakuna haja ya kuhangaika na mipangilio yake. Ikikubali huku hifadhidata ikiendelea kulalamika, basi kuna ukuta mwingine juu ya ruhusa za kawaida.

Kabla ya kuufikia ukuta huo, kuna mtego wa makundi. Msimamizi anamwongeza mtumiaji wa seva kwenye kundi lenye haki ya kusoma, anapima kwa sudo, kipimo kinafaulu, lakini hifadhidata haibadiliki. Mchakato wa Linux hupewa orodha ya makundi yake unapoanza. Uliokwisha kuanza haupati habari za mabadiliko mpaka uanzishwe upya. Oracle huongeza hatua moja inayowachosha hata wazoefu. Mtu akiunganika kupitia mtandao, mchakato unaomhudumia huzaliwa na msikilizaji, ile programu inayopokea miunganisho, na hurithi makundi ya msikilizaji. Kwa hiyo hifadhidata inaweza kuanzishwa upya na UTL_FILE, kifurushi cha Oracle cha kusoma na kuandika mafaili, ikaendelea kutoa ORA-29283 kwa wanaotoka mtandaoni, ilhali msimamizi aliyeingia moja kwa moja kwenye mashine anasoma faili lile lile bila shida. Wawili wanabishana, na wote wawili wanasema kweli. Msikilizaji ndiye hakuanzishwa upya.

Ukuta wa pili ni ulinzi wa ziada wa mfumo endeshi. Ubuntu huja na AppArmor, na kifurushi chake cha MySQL kina wasifu katika /etc/apparmor.d/usr.sbin.mysqld unaotaja folda ambazo mysqld inaruhusiwa kuzigusa. Nje ya orodha hiyo, hata ruhusa za 777 hazisaidii kitu. MySQL hupewa kosa namba 13, lile lile la kukosa ruhusa, na aliye mbele ya skrini hana dalili kwamba safari hii aliyekataa ni mwingine. Dalili iko kwenye kumbukumbu za mfumo: mstari wenye neno DENIED, jina la mysqld na njia iliyokataliwa. Ongeza folda yako katika nakala ya ndani ya wasifu, pakia upya AppArmor, na kazi imekwisha. Hakuna haja ya kuuzima.

Kwenye familia ya Red Hat kazi hiyo hufanywa na SELinux, ambayo hubandika lebo kwenye kila faili na kila mchakato. Lebo ndizo huleta jambo linaloonekana kama uchawi: faili lililoletwa kwa cp linasomeka, lililoletwa kwa mv halisomeki, ingawa yamekaa folda moja yakiwa na ruhusa zilezile. Sababu ni kwamba cp hutengeneza faili jipya linalopewa lebo ya mahali lilipofika, wakati mv hulihamisha faili pamoja na lebo ya lilikotoka. Faili lililotoka nyumbani kwa mtumiaji linabaki na lebo ya nyumbani, na seva ya hifadhidata haina ruhusa ya kusoma vitu vyenye lebo hiyo. Amri ls -Z huonyesha lebo, restorecon huirekebisha, na ausearch -m avc huonyesha kila kilichokataliwa. Mtu mwenye amri hizo tatu hana sababu ya kuandika setenforce 0 kwenye seva yenye kumbukumbu za wagonjwa.

Halafu kuna systemd, inayowasha na kusimamia huduma za Linux. Huduma iliyowashiwa PrivateTmp hupewa /tmp ya kwake peke yake. MySQL ikiambiwa iandike /tmp/ripoti.csv inajibu kwamba imeandika safu zote, mtu anafungua /tmp, hakuna kitu. Faili lipo, limo ndani ya folda yenye jina refu linaloanza na systemd-private. Faili la huduma la MariaDB nalo huja na ProtectHome, ambayo huifanya /home nzima ionekane tupu kwa seva. Katika hali hiyo namei haitasaidia, kwa kuwa anayeiendesha anaiona /home ya kweli. Amri systemctl cat ikitajiwa jina la huduma ndiyo huonyesha kama mipangilio hiyo ipo.

Baada ya mfumo endeshi kukubali, hifadhidata nayo ina makufuli yake. MySQL hutaka haki iitwayo FILE, ambayo haigawiwi kwa hifadhidata moja moja bali kwa seva nzima, na juu yake kuna secure_file_priv. Thamani yake ikiwa njia ya folda, mafaili yote lazima yapite humo; kwenye vifurushi vya Debian na Ubuntu mara nyingi ni /var/lib/mysql-files. Ikiwa NULL, kuingiza na kutoa mafaili kumefungwa kabisa. Ikiwa tupu, hakuna kizuizi, na hiyo ndiyo thamani ambayo ushauri wa haraka husukuma watu waiweke. Kosa namba 1290 ndilo hutangaza kizuizi hiki, na thamani yenyewe haibadiliki seva ikiwa inafanya kazi: lazima iandikwe kwenye faili la mipangilio na seva ianzishwe upya. Kitendakazi LOAD_FILE kina tabia mbaya zaidi kwa mpelelezi. Kikishindwa kwa sababu yoyote, iwe haki, njia, ruhusa au ukubwa wa faili, hurudisha NULL bila neno.

Kutoa data nje kuna mikosi yake. SELECT INTO OUTFILE haiandiki juu ya faili lililopo tayari, kwa hiyo skripti ya kila usiku hufaulu usiku wa kwanza na kufeli wa pili. Faili linalozaliwa ni mali ya mtumiaji mysql, na tangu MySQL 8.0.17 walio nje ya kundi lake hawawezi hata kulisoma. Kabla ya hapo hali ilikuwa kinyume na mbaya zaidi: kila mtu kwenye mashine aliweza kuliandika upya.

Oracle ilipitia safari iliyo na fundisho. Zamani, kigezo utl_file_dir kilitaja folda ambazo UTL_FILE ingeweza kuzifikia, na kila aliyekuwa na haki ya kutumia UTL_FILE aliweza kusoma na kuandika humo. Kigezo hicho kiliachwa rasmi kuanzia toleo la 18c. Mahali pake kuna vitu viitwavyo DIRECTORY: jina ndani ya hifadhidata linaloelekeza kwenye folda ya kweli, na haki za kusoma au kuandika hutolewa kwa kila jina na kwa kila mtumiaji. Ni mpango mzuri, ila una miiba miwili. CREATE DIRECTORY haikagui kama folda ipo, kwa hiyo kosa la tahajia hukaa kimya mpaka siku ya kazi. Na jina likiundwa bila alama za nukuu huhifadhiwa kwa herufi kubwa, kwa hiyo programu inayolitaja kwa herufi ndogo huambiwa njia si sahihi.

Windows na SQL Server zina kisa kinachojirudia katika ofisi nyingi kiasi cha kustahili kutazamwa kwa karibu. Mchambuzi ana folda ya pamoja aliyoiunganisha kama Z:. Anaandika BULK INSERT akitaja Z:\mauzo\januari.csv na kuambiwa njia haipatikani, kosa namba 3. Herufi za diski za mtandao ni za kikao cha mtu aliyeingia. Huduma inayoendeshwa nyuma ya pazia haina Z: yoyote. Anabadilisha na kuandika njia kamili ya mtandao inayoanza na mikwaju miwili ya kinyume. Sasa kosa ni namba 5, ruhusa imekataliwa. Anakwenda kuketi mbele ya seva yenyewe, anaendesha amri ile ile, inafaulu. Anarudi mezani kwake, inagoma.

Sababu ni sheria ambayo wengi hawaijui. Mtu akiingia kwa jina na nywila za SQL Server, BULK INSERT husoma faili kwa akaunti ya huduma. Akiingia kwa utambulisho wa Windows, seva husoma faili kwa niaba yake, kwa ruhusa zake yeye. Sasa hesabu hatua: kutoka kompyuta ya mchambuzi hadi seva ni ya kwanza, kutoka seva hadi kompyuta inayohifadhi folda ni ya pili. Windows hairuhusu utambulisho wa mtu kuvuka hatua ya pili bila Kerberos kupangwa na akaunti ya huduma kukubaliwa kumwakilisha. Akiwa ameketi kwenye seva, hatua ni moja tu. Kumpa mchambuzi ruhusa zaidi kwenye folda hakuponyi kitu hapa, na bado ndicho kinachofanywa mara nyingi.

Kuendesha amri za mfumo endeshi kutoka ndani ya hifadhidata kunarithi matatizo yote haya na kuongeza mengine. SQL Server ina xp_cmdshell, ambayo tangu toleo la 2005 huja ikiwa imezimwa. Ikiwashwa, msimamizi wa cheo cha sysadmin huendesha amri kwa akaunti ya huduma, na asiye na cheo hicho huhitaji akaunti ya uwakilishi iliyosajiliwa. Amri ya kwanza ya upelelezi ni whoami: iendeshe kupitia xp_cmdshell na utajua seva inajiita nani. Mstari wa amri hauruhusu zaidi ya jozi moja ya alama za nukuu mbili, kwa hiyo njia mbili zenye nafasi katikati huvunja mambo. Tena xp_cmdshell husubiri mpaka amri iishe. Programu inayofungua dirisha na kungoja mtu abonyeze kitufe itangoja milele, kwa sababu dirisha hilo haliko kwenye skrini ya mtu yeyote.

PostgreSQL ilipata COPY PROGRAM katika toleo la 9.3, mwaka 2013. Hapo namba za kutoka husema mengi: 127 ina maana amri haikupatikana, 126 ina maana imepatikana lakini haiwezi kuendeshwa. Anayepata 127 kwa amri inayofanya kazi akiiandika mwenyewe asitafute mbali. Mtumiaji postgres hapakii mipangilio ya ganda (shell) la mtu, na PATH yake ni fupi. Kwa Oracle, kazi za nje za DBMS_SCHEDULER hazipiti kwenye ganda kabisa, hivyo bomba na alama za kuelekeza matokeo hazieleweki; kazi hufeli kwa ORA-27369 na msimamizi hushangaa kwa nini mstari uliofanya kazi mbele yake haufanyi kazi kwa seva. Dawa ni kuiweka kazi yote katika skripti moja, kutaja njia kamili za kila kitu, na kuisajilia akaunti ya kuiendesha. Skripti iliyoandikwa kwenye Windows inaweza kugoma pia kwa sababu ya herufi isiyoonekana mwishoni mwa mstari wa kwanza, ambayo huifanya Linux itafute ganda ambalo halipo.

Mpaka hapa kufungwa kote huku kunaweza kuonekana kama usumbufu tu. Historia inasema vingine.

Mei 2002, mnyoo ulioitwa Spida ulizunguka dunia ukitafuta seva za SQL Server ambazo akaunti yao kuu, sa, haikuwa na nywila. Ulipoipata, haukuhitaji kuvunja chochote. Ulitumia xp_cmdshell kuwasha akaunti ya mgeni ya Windows, kuipa madaraka ya usimamizi na kujinakili kwenye mashine. Miaka 3 baadaye Microsoft ilitoa toleo lenye xp_cmdshell iliyozimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Imperva walieleza shambulio ambalo PostgreSQL ilitumiwa kuandika programu kwenye diski ya seva, kisha seva ikaamriwa kupakua picha ya mwigizaji Scarlett Johansson ambayo ndani yake ilifichwa programu ya kuchimba sarafu ya Monero. Mwaka uliofuata COPY PROGRAM ilisajiliwa kama udhaifu kwa namba CVE-2019-9193, na kundi la PostgreSQL likapinga hadharani: kwao, mtumiaji mkuu wa hifadhidata ni sawa kabisa na mtumiaji wa mfumo endeshi anayeiendesha seva, na hakuna mpaka wa usalama kati yao uliovunjwa.

Kiufundi walikuwa sahihi. Lakini kauli hiyo inabebesha jukumu mabega ya wasimamizi, ambao wengi wao hawajui kwamba kuipa programu ya tovuti cheo cha mtumiaji mkuu ni kuikabidhi ganda la Linux. Desemba 2020 kundi la Unit 42 la Palo Alto Networks lilitangaza PGMiner, botneti iliyokuwa ikibahatisha nywila za akaunti ya postgres na kisha kutumia COPY PROGRAM hiyo hiyo kuchimba Monero kwa umeme wa watu wengine.

Hatari hupita upande wa pili pia. Katika LOAD DATA LOCAL ya MySQL, seva ndiyo humtajia mteja faili la kutuma. Mteja akiunganishwa na seva ya mhalifu, seva hiyo inaweza kuomba faili ambalo hakuna aliyelitaja. Mwanzoni mwa 2019 ilibainika kwamba wezi wa kadi za malipo walikuwa wakitumia njia hii dhidi ya maduka ya mtandaoni yaliyoacha wazi Adminer, zana ya kusimamia hifadhidata kupitia kivinjari. Waliielekeza Adminer kwenye seva yao, wakaomba faili la mipangilio ya duka, wakapata nywila za hifadhidata. MySQL 8.0 huja ikiwa imezima local_infile, na anayeihitaji anapaswa kuiwasha kwa muda wa kazi anayoiamini tu, kisha kuizima tena.

Kwa hiyo upelelezi mzuri una mwendo wake, na mwendo huo ni mfupi kuliko kupapasa. Soma namba ya kosa kwanza: 2 ni faili kutokuwepo, 13 ni ruhusa, 28 ni diski kujaa, na zana ya perror ya MySQL huzitafsiri zote. Thibitisha mashine. Thibitisha mtumiaji wa mchakato kwa ps, si kwa kukisia. Jaribu ukiwa umevaa sura yake. Jaribio likifaulu, tazama kumbukumbu za AppArmor au SELinux, kisha mipangilio ya huduma, kisha makufuli ya hifadhidata. Vikishindikana vyote, strace kwenye Linux au Process Monitor kwenye Windows huonyesha njia halisi ambayo seva ilijaribu kuifungua, na mara nyingi njia hiyo haifanani na iliyoandikwa. MySQL kwenye Windows, kwa mfano, husoma mkwaju wa kinyume ndani ya maandishi kama alama maalumu, kwa hiyo C:\nyaraka\takwimu.csv hugeuka kuwa na mstari mpya na nafasi ya tabo ndani yake.

Lakini mara nyingi jibu bora ni kutoiomba seva kabisa. Kazi ya kuingiza faili kila usiku inafanyika vizuri kwa cron na \copy, nje ya hifadhidata, kwa akaunti isiyo na madaraka yoyote zaidi ya kuandika kwenye jedwali lake. Kubana faili, kulituma kwa barua pepe, kuita skripti: hizo ni kazi za mfumo endeshi, na mfumo endeshi una wapangaji wake wa kazi. Pale ambapo hakuna budi, itengwe folda moja na akaunti moja, na kwenye PostgreSQL zitumike haki ndogo zilizoletwa na toleo la 11, pg_read_server_files, pg_write_server_files na pg_execute_server_program, ingawa nyaraka rasmi zinaonya kwamba mwenye nazo anaweza kujipandisha hadi cheo kikuu.

Anayesimamia seva na aitazame leo. Kwenye PostgreSQL, \du huonyesha ni akaunti zipi zina cheo cha mtumiaji mkuu na, hasa, kama ya programu ya tovuti imo. Kwenye MySQL, SHOW VARIABLES LIKE 'secure_file_priv' huonyesha kama folda ni moja au kizuizi kimeondolewa. Kwenye SQL Server, sys.configurations huonyesha kama xp_cmdshell imewashwa. Kama imewashwa na hakuna anayekumbuka ni kwa kazi ipi, izimwe.